Safu ya Tatu ya Mama Vioo

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi wa maabara ya mwanga atazima taa yake nyekundu, atafunga mlango wa chumba namba kumi na nne, na kukabidhi funguo. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Katika muda huo wote amelala nyumbani kwa ugonjwa siku tisa tu, na hata siku hizo alimtuma mumewe aje kuhakikisha hatujagusa kitu.

Wanafunzi humwita Mama Vioo. Alilipinga jina hilo wiki nzima alipopewa, akaona halina dawa, akalizoea.

Kwa mgeni atakayeshika kijarida hiki bila kutujua: korido yetu ina milango mitatu. Wa kwanza ni wa fizikia. Wa katikati ni wa hisabati. Wa mwisho, jirani na vyoo, ni wetu sisi watu wa mantiki, ambao kazi yetu ni kuchunguza ni lini sentensi moja inakupa haki ya kusema nyingine. Kwa miaka mingi milango hii ilikuwa inasalimiana tu, kila mmoja na mambo yake. Aliyeifanya ikae kikao kimoja hakuwa profesa. Alikuwa fundi mwenye koti la kijivu, mfukoni ana bisibisi ya saa na kipande cha kitambaa laini.

Alipoajiriwa, meza ya mwanga ilikuwa bamba la jiwe juu ya miguu ya chuma. Lori likipita barabarani, mwanga ukutani ulitetemeka kama mtu mwenye homa. Mama Vioo akatafuta mipira minne ya ndani ya magurudumu, akaijaza upepo, akalilaza bamba juu yake. Tangu hapo sauti ya kwanza katika jengo letu kila Jumatatu, kabla hata birika la chai halijachemka, ni pampu ya baiskeli ikihema chumba namba kumi na nne. Skrubu za kuinamisha vioo alichongewa na mumewe, fundi saa, shemeji yetu sote. Tulimtania kwamba aliolewa kwa ajili ya skrubu. Alijibu kwamba mwanamume asiyetetemeka mikono si wa kuachwa dukani.

Ndani ya chumba hicho watu huvua viatu. Hata saa nne asubuhi, jua likiwa kali nje, ndani ni giza lenye wekundu kidogo, feni inanong'ona, na mtu akikaa dakika kumi husahau ana mkutano wapi. Wengi wamesinzia humo. Mkuu wa kitivo aliwahi kukoroma mbele ya wakaguzi, naye Mama Vioo akawaambia wageni kwa heshima zote kwamba ile ni sauti ya mtambo. Yeye mwenyewe hakusinzia. Alikuwa akitazama doa la mwanga ukutani, na kwa jinsi lilivyotikisika alijua nani anapita koridoni. Kila mtu alikuwa na mtikisiko wake. Mimi alinipa jina la Bwana Visigino, kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vigumu na mwendo wangu ulikuwa wa mtu mwenye hakika na kila kitu. Nilistahili, kama mtakavyoona.

Lakini kwanza nieleze kilichokuwa mezani, maana bila hicho hamtaelewa deni langu.

Mama Vioo alipunguza mwanga mpaka ukawa unatoka chembe mojamoja. Kila chembe ilikutana na kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, na hapo palikuwa na njia mbili: ya juu na ya chini. Njia hizo zilikutana tena kwenye kioo kingine cha namna hiyo, na baada yake vilikaa vihesabio viwili, kimoja kulia, kimoja kushoto, kila kimoja kikigonga “tik” chembe ikifika. Ukiziba njia ya juu kwa kadi nyeusi, chembe zilifika nusu kulia, nusu kushoto. Ukiziba ya chini, vilevile. Ukiziacha zote mbili wazi, zilifika kulia peke yake. Kushoto kimya. Mara mojamoja kiligonga kwa sababu ya joto au vumbi, naye akaziita hizo wapita njia, akaziandika pembeni ili asimdanganye mtu.

Mara ya kwanza nilipoketi humo nilisikiliza kimya hicho cha kushoto kwa nusu saa. Kulia kulikuwa kunagonga kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati, taratibu, bila haraka, na kushoto hakuna kitu. Nilijihisi kama mtu aliye ndotoni, anayejua swali analotaka kuuliza lakini haoni wa kumuuliza. Kisha nikatoka, nikavaa viatu, nikarudi kwenye uhakika wangu.

Miaka kumi na tisa iliyopita niliteuliwa mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu. Nikatengeneza fomu moja kwa maabara zote, fomu safi, niliyoipenda kuliko ilivyostahili. Kwa jaribio la Mama Vioo, kila chembe ilikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na safu mbili: “Ilipita juu” na “Ilipita chini”. Alama moja kila mstari. Mimi ni mtu wa mantiki. Jambo ni hivi au si hivi, hakuna la katikati.

Fomu ikarudi. Mama Vioo alikuwa amechukua rula na kuchora safu ya tatu kwa kalamu ya bluu. Mistari mia nne na kumi na miwili, na katika kila mstari, kwa mwandiko uleule mdogo, neno moja: “Haikuulizwa”.

Nikamrudishia. Akairudisha vilevile. Nikamrudishia mara ya pili, safari hii na barua ya kurasa mbili juu ya kanuni za hoja. Akaniletea fomu mwenyewe, akasimama mlangoni na soksi zake, akasema, “Mwalimu, ningeweka kipimo njiani ningekwambia imepita wapi. Lakini nikikiweka, kushoto kunaanza kugonga. Hapa sikukiweka. Siwezi kukuandikia jibu la swali ambalo sikuuliza.” Nilimwambia kwamba chembe haijali kama ameiuliza au hajaiuliza. Akasema labda, lakini yeye anajali anachokitia sahihi.

Sasa naandika jambo ambalo halijawahi kuandikwa kijaridani. Niliandika barua nyingine, ya aya tatu, kwenda kwa mkuu. Nilisema fundi huyu ni mzembe na mkaidi, na nikashauri mkataba wake usihuishwe. Mikataba ya mafundi ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, watoto wake wawili walikuwa shuleni, na mimi nilijua yote hayo. Alisimamishwa kazi wiki sita. Barua ilikuwa na jina langu chini yake, na ilikuwa imepangwa vizuri sana.

Aliyeleta funguo za chumba alikuwa shemeji. Aliziweka mezani pangu polepole, mtu aliyezoea kuweka vitu vidogo chini. Hakunigombeza. Alisema tu, “Mwalimu, saa ikiletwa dukani kwangu, kabla sijaifungua siandiki imeharibika wapi. Wateja wengine hukasirika. Lakini siandiki.” Akaaga kwa adabu na kuondoka.

Fundi wa muda aliyewekwa alikuwa mtiifu. Alijaza fomu kama nilivyotaka: juu, chini, juu, chini, mpaka mwisho. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu mwalimu wa mlango wa katikati, tunayemwita Babu Chaki, alichukua madaftari yote mawili, la Mama Vioo na la fundi huyo, akaja nayo kwangu, mikono yake myeupe mpaka viwikoni. Aliuliza swali moja. Kama nusu ya chembe hizi zilipita juu kweli, basi kwazo njia ya chini ilikuwa kama imezibwa. Na zilizopita chini, kwazo ya juu kama imezibwa. Na daftari la Mama Vioo linaonyesha kwamba njia moja ikizibwa, nusu ya chembe huenda kushoto. “Basi mbona kushoto kimya, bwana? Fomu yako imejaa, lakini imejaa uongo.”

Akachora ubaoni mishale miwili, mmoja wa njia ya juu, mmoja wa njia ya chini. Kwa kihesabio cha kulia, mishale ilielekea upande mmoja, ikajumlishwa ikawa mshale mmoja mrefu. Kwa cha kushoto ilielekeana, ikafutana, ikabaki sifuri. Hesabu yenyewe ilikuwa ya kurasa nne na jibu lake lilikuwa kimya kilekile nilichokisikiliza chumbani. Mahali popote katika kurasa hizo hakuna mshale uliolazimika kuchagua.

Wiki ya kwanza ya kila mwaka mimi hufundisha kanuni ya kutawanya. Kama chai ipo, na sukari iko koponi au bakulini, basi ama chai ipo na sukari iko koponi, ama chai ipo na sukari iko bakulini. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuibishia. Nikajaribu kuisema kwa chembe: imefika kulia, na imepita juu au chini, basi ama imefika kulia ikiwa imepita juu, ama imefika kulia ikiwa imepita chini. Vipande vyote viwili vya hitimisho hilo vilikuwa vinakataliwa na vihesabio. Kanuni yangu ilifika kwenye mlango wa chumba namba kumi na nne, na ilipaswa kuvua viatu kama sisi wengine.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba mantiki haikuvunjika, ni mimi niliyeuliza vibaya. Tumebishana miaka yote hii na chai imepoa mara nyingi. Jambo lenye kuniuma ni kwamba habari hizi nilikuwa nimezisoma zamani. Kitabu kilikuwa rafuni, ukurasa nimeukunja. Nilijua kitabuni kitu ambacho nilimwadhibu fundi kwa kukiona mezani.

Mkuu alimrudisha kazini. Mimi nilifanya nini? Nikachapisha fomu mpya yenye safu ya tatu. Fomu ile imesifiwa, imeigwa na taasisi nyingine, na pembeni chini ina herufi za jina langu. Nilipopongezwa niliitikia kwa kichwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: safu ya tatu ni ya Mama Vioo. Aliichora kwa rula yake, na ilimgharimu wiki sita. Kuanzia toleo lijalo la fomu hiyo, herufi zangu zitaondolewa na zake zitawekwa.

Aliporudi, Jumatatu ya kwanza, tulisikia pampu ikihema. Alinisalimia kama kawaida. Tangu siku hiyo amenifundishia wanafunzi kumi na wanne wa shahada, amenikalisha gizani nilipofiwa na mama yangu na sikutaka kuongea na mtu, na kila mara ameniwekea kiti kilekile, karibu na kihesabio cha kushoto. Kwa miaka kumi na tisa sikumwomba msamaha. Nilijua kuomba ni kuuliza. Niliogopa nisije nikaweka kipimo njiani na kile kimya kizuri kikavunjika.

Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto. Basi katika rasimu ya wasifu huu niliyompelekea Jumatano ahakiki tarehe, niliandika: Mama Vioo, nilikukosea, niliiweka kazi yako na ada za watoto wako hatarini kwa sababu ya fomu. Je, umenisamehe?

Ilirudi Alhamisi. Alikuwa amesahihisha miezi ya utumishi. Ni minne, si mitano. Alikuwa amelikata neno “shujaa” mahali pawili. Alikuwa ameongeza kwamba mipira ya meza inahitaji kubadilishwa kila miaka miwili, na atakayemrithi asisahau. Na pembeni ya swali langu alikuwa amechora safu tatu kwa rula, kwa kalamu ya bluu. Chini ya safu hizo aliandika: “Kwa miaka kumi na tisa: haikuulizwa. Leo: ndiyo.”

Nakiri nilitamani aandike kwamba alinisamehe zamani. Hakuandika hivyo. Nimeisoma mara nyingi tangu jana, na kila mara nimelia kidogo.

Mama Vioo, tunakushukuru kwa vioo, kwa giza, kwa madaftari themanini na matatu yasiyo na mstari hata mmoja wa kubuni. Shemeji, tunakurudishia mkeo akiwa mzima, na tunaomba radhi kwa miaka tuliyomshikilia. Asubuhi zenu ziwe ndefu, afya iwe njema, na Jumatatu yoyote mkisikia hamu ya kupampu, mlango uko wazi.

Ijumaa mimi ndiye nitakayekuja kupokea funguo. Nitavua viatu tangu mlangoni petu, mwisho wa korido. Mama Vioo, ukiona doa la mwanga ukutani limetulia kabisa, ujue ni mimi.