Fundi Subiri na Ukuta Uliokataa Rangi

Fundi tunayemlaza leo alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, saa tatu asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake alipeperusha bendera za treni, mama yake alishona sare za shule. Dada yake mkubwa, ambaye yupo hapa na mwenye kubisha amwone yeye, anasema mtoto yule hakulia alipozaliwa. Alitazama juu kwanza, kwenye bati lililokula kutu, akalitazama weee, ndipo akalia. Mkunga akasema, "Huyu kaiona kazi iliyomleta." Huenda dada ametia chumvi kidogo, lakini familia nzima imekubali kuila hivyohivyo.

Alianza shule ya msingi Januari 1958 na kumaliza Desemba 1965. Ripoti yake ya darasa la tano, ambayo bado ipo sandukuni, inasema: "Anatazama sana, anaandika kidogo." Mwaka huohuo aliitumbukiza rula ya chuma ya mwalimu wa hesabu kwenye kopo la maji, akaificha nyuma ya kabati. Ilipopatikana ilikuwa na madoa mekundu.

"Rula yangu imekukosea nini?" mwalimu akauliza.

"Haijanikosea, mwalimu. Nilitaka kujua kutu inaanzia wapi, ukingoni au katikati."

"Na umejua?"

"Bado siku mbili."

Mwalimu yule, Mungu amrehemu, alimsimamisha nje ya darasa kipindi kizima, kisha akampa zile siku mbili. Jibu lilikuwa kwamba kutu ilianzia kwenye namba, pale chuma kilipochongwa na maji yakapata pa kukaa. Kutoka hapo marehemu alijiunga na chuo cha ufundi, 1967 hadi 1969, akatoka na cheti cha uchomeleaji daraja la pili. La kwanza alilikosa kwa sababu alichelewa kukabidhi kazi. Alikuwa bado anaitazama.

Februari 1970 aliajiriwa katika karakana ya reli, kitengo cha kukwangua kutu kwenye mabehewa. Alikaa kitengo hicho miaka kumi na moja. Wajukuu zake walipomuuliza kazi yenyewe ilikuwaje, alisema: unakwangua, unapaka rangi, behewa linaondoka liking'aa kama bibi harusi, na baada ya miaka mitatu linarudi kwako uso umejaa vipele. Unakwangua tena. "Kutu haina likizo," alisema, "mimi ndiye niliyekuwa na likizo, siku ishirini na moja kwa mwaka, na kutu ilinisubiri."

Katika moja ya likizo hizo alipata kibarua cha kutengeneza geti la mzee mmoja aliyekuwa karani wa posta. Bawaba mbili tu zilikuwa zimekatika. Kazi ya saa tatu ikachukua siku tisa. Siku ya tisa mzee akatoka na kiti, akakaa mbele yake, akamwambia, "Kijana, geti hili limepona. Anayeumwa sasa ni wewe. Mwite mshenga wako." Marehemu alifunga ndoa na binti wa karani huyo Jumamosi, tarehe 18 Septemba 1976. Walijaliwa watoto watatu. Mkubwa wao, kama mnavyojua, ana duka la rangi, na baba yake hakuacha kumtambulisha kwa wageni hivi: "Huyu ni mwanangu wa kwanza. Yuko upande wa adui."

Mwaka 1981 alifungua karakana yake mwenyewe karibu na soko. Alitengeneza mageti, nondo za madirisha na vitako vya matangi ya maji. Hapo ndipo alipopewa jina la Fundi Subiri, kwa kuwa mteja akiuliza kazi yake itaisha lini, jibu lilikuwa neno hilo moja. Lakini akikukabidhi kazi, umekabidhiwa kazi. Hakuna aliyewahi kurudisha geti lake kwa sababu ya kiungo kuachia. Jina lake lilikuwa safi mji mzima, na alilitunza kuliko alivyotunza viatu vyake, maana viatu vyake mnavijua.

Kisha mwaka 1998 akaja mama mmoja, msanifu majengo, na mchoro wa maktaba mpya. Mbele ya maktaba alitaka ukuta wa mabamba ya chuma, urefu mita kumi na nne, kimo mita nne, usio na tone la rangi.

"Mama, ukuta huo utaoza," marehemu akamwambia.

"Utapata kutu, Fundi. Hautaoza."

"Kwani kuna tofauti?"

"Kwa chuma hiki, ipo."

Akamwachia vipande viwili vya ukubwa wa daftari, kimoja cha chuma cha kawaida, kingine cha chuma hicho chake. Akamweleza kwamba hiki cha pili kimechanganywa na shaba kidogo na vitu vingine vya kukitia ukaidi. Kikinyeshewa na kukauka, kikinyeshewa na kukauka, kutu yake inashikana, inakuwa nzito kama ngozi, na ngozi hiyo inazuia maji kuingia ndani. Yaani chuma kinajikinga kwa kile kile kinachoua chuma kingine! Marehemu hakuamini. Alivipandisha vipande vyote juu ya paa la karakana, akawa anapanda ngazi kila Ijumaa kuvitazama na kuandika rangi zake. Baada ya mwaka mmoja na nusu kile cha kawaida kilikuwa kikibanduka magamba kama samaki. Kile kingine kilikuwa kimekuwa cha kahawia iliyokolea, kimetulia. Alishuka ngazi akamwambia mke wake, "Miaka kumi na moja nimepigana na kutu, kumbe kuna mahali chuma na kutu wameshapatana."

Ukuta ulisimamishwa tarehe 3 Machi 2000. Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe 9. Kufikia jioni ukuta ulikuwa wa chungwa kali, na michirizi ilikuwa imeteremka hadi kwenye njia mpya ya saruji. Ofisa mmoja aliyevaa suruali nyeupe aliuegemea, akaondoka na ukuta nusu. Mji ulicheka. Watu walipita karakanani kumuuliza kama rangi zimeisha dukani kwa mwanawe. Shemeji yake, kaka wa mke wake, alikuja na leso mkononi. "Shemeji, chukua hii. Nimesikia ukuta wako una mafua, unachuruzika." Marehemu akamjibu, "Subiri." Mke wake alikuwepo na hakucheka.

Mkuu wa ujenzi wa mji alimwita ofisini na hakuwa na utani. "Nakupa miaka mitatu, Fundi. Ukuta usipotulia nitaupaka rangi ya kijani, na kibao chenye jina lako nitakiondoa. Mji hauwezi kuwa na kidonda mlangoni." Kwa mtu aliyeishi kwa jina lake, hiyo ilikuwa hukumu.

Basi marehemu akawa anakwenda kila Ijumaa na daftari. Mwaka wa kwanza haukumtia wasiwasi. Mwaka wa pili sehemu ya juu ikaanza kukolea, nzuri, kama chai ya rangi iliyokaa. Lakini sehemu ya chini, kuanzia ardhini hadi kimo cha mtu na kidogo, ilibaki chungwa kama siku ya kwanza. Ukuta ulionekana umevaa sketi. Mwaka wa tatu ulipokaribia kuisha, sketi haijavuliwa.

Alikosa usingizi na hamu ya kula. Alimshuku mtunza bustani, akamhamishia mpira wa maji upande wa pili. Alishuku mbwa. Alishuku msanifu, akamwandikia barua ya kurasa nne, na msanifu akajibu kwamba chuma ni kilekile juu na chini. Alimhoji mlinzi wa maktaba mara tatu, na mlinzi kila mara akatazama viatu vyake akasema hajaona kitu. Mlinzi huyo amekiri juzi, pale msibani, kwamba alikuwa akiletewa chai na mandazi kila Jumapili na hakuona sababu ya kujikatia riziki.

Ukaguzi ulibaki wiki tatu. Jumapili moja ya Februari 2003, saa mbili asubuhi, marehemu alikwenda maktaba siku isiyo yake. Akamkuta mke wake, ambaye kwa miaka mitatu aliaga nyumbani kuwa anakwenda kumsalimia dada yake. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, ana ndoo ya maji ya sabuni, msasa na brashi ya waya, na anausugua ukuta kama sufuria iliyoungua.

"Mama watoto! Unafanya nini?"

"Nasafisha jina lako," akajibu bila kugeuka.

"Tangu lini?"

"Tangu kaka alipokuletea leso."

"Miaka mitatu?"

"Na hakisikii! Nikimaliza mwisho huu, kule mwanzo kutu imesharudi. Chuma chako hiki hakina adabu, baba watoto. Mimi mikono imeniisha."

Marehemu aliipindua ile ndoo, akaketi juu yake. Alimweleza taratibu kwamba kutu ile ni kigaga. Ukikibandua kila Jumapili, kidonda kitapona lini? Mke wake aliposikia, brashi ilimponyoka. Miaka mitatu alikuwa ameamka mapema kumwokoa mumewe, na kila alipomwokoa alikuwa akimrudisha siku ya kwanza. Alianza kulia. Marehemu akaanza kucheka, na mke wake, Bibi yetu sote, anasema alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye ndoo, hapo naye akashindwa kuendelea kulia.

Siku ya ukaguzi walikwenda wote wawili. Mkuu wa ujenzi alikuwa ameshaleta sampuli ya kijani.

"Mheshimiwa, ukuta hauna kosa," Bibi akamwambia. "Kosa ni langu. Niliusugua."

"Wote huu? Kwa mshahara wa nani, mama?"

"Wa ndoa."

Mkuu alidhani wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Marehemu hakubishana. Alimwomba mke wake asimame mbele ya ukuta, auelekee, anyooshe mkono juu kadiri awezavyo. Bibi akanyoosha. Ncha za vidole vyake zikagusa mstari wa sketi barabara, mahali chungwa ilipoishia na kahawia ilipoanzia. Akasogea hatua kumi, akanyoosha tena. Palepale. Mkuu akaleta ngazi, akapanda mwenyewe, akafuta sehemu ya juu kwa leso yake nyeupe, akaitazama. Ilikuwa safi. Akashuka, akafuta sehemu ya chini, leso ikawa ya chungwa. Akaikunja, akasema, "Mama, nakuweka chini ya ulinzi. Marufuku kuugusa ukuta huu kwa miaka mitatu. Fundi, ukuta ubaki." Kibao chenye jina hakikuondolewa.

Mwaka 2006 ukuta ulikuwa umetulia kutoka juu hadi chini. Maarusi hupiga picha pale. Mvua ikinyesha unakolea hadi unakaribia zambarau, jua likitoka unarudi kahawia, na wanafunzi wanaosoma maktaba wanajua hali ya hewa kwa kuutazama. Baada ya hapo kazi zilimfuata: mabenchi, vitanda vya maua, ngazi za shule, herufi kubwa za mlangoni mwa hospitali. Waliojenga karibu na maji ya chumvi aliwakatalia, akisema huko hata ukaidi una mwisho. Na kila mteja alipewa sharti moja, kutia sahihi kwamba nyumbani kwake hakuna mtu anayempenda kupita kiasi.

Alistaafu Desemba 2018, akamwachia karakana binti yake wa pili. Moshi wa miaka mingi ya kuchomelea ulikuwa umemkaa kifuani. Tangu Agosti 2023 alilazwa mara tatu. Mara ya mwisho kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha lenye nondo nyeupe. Daktari alipokuja kumpima, marehemu aligonga nondo kwa ukucha akasema, "Daktari, rangi hii inakudanganya. Ndani pameshakwisha." Daktari akamuuliza, "Na wewe, mzee, ndani vipi?" Akajibu, "Mimi sijapakwa. Unaniona nilivyo." Alifariki Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, saa nne asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, vitukuu wawili, dada zake wawili, na shemeji mmoja ambaye ameomba msamaha kwa ajili ya ile leso, na familia imempokea.

Kuna tangazo moja. Marehemu hakutaka marumaru. Bamba lililo kichwani pa kaburi limekatwa na binti yake, na leo mnaliona la kijivu. Baada ya mvua ya kwanza litakuwa chungwa, litachuruzika juu ya mawe, na litatisha kidogo. Wenye huruma tunawaomba wakae mbali. Mwanawe mkubwa ameahidi kutolipaka. Bibi alipoulizwa kama ataweza kuliacha, alisema, "Nileteeni kiti tu. Nitakuwa nakaa naye."

Lala kwa amani, Fundi. Sehemu yako umeimaliza, iliyobaki ni ya mvua.