Mkono wa Fundi Presha

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi wa vifaa vya hospitali yetu anastaafu. Ofisini ana jina lake kamili. Wodini na jikoni ni Fundi Presha, na ukimwita kwa jina halisi huchelewa kuitika.

Aliajiriwa kutengeneza vitanda na viti vya magurudumu. Mashine za kupimia presha alijitwika mwenyewe, baada ya kuchoka kuziona zikitupwa stoo kwa sababu ya mpira uliopasuka. Karakana yake iko mwisho wa korido, nyuma ya chumba cha kufulia, mahali ambapo mtu hafiki mpaka awe amepotea au ana kifaa kibovu. Kila mashine aliyoitengeneza aliijaribu kwenye mkono wake wa kushoto kabla ya kuirudisha.

Mkono huo ndio uliomuumbua. Kuna mwaka mashine zilianza kumpa namba za juu, naye akaamini zimeharibika. Akazifungua, akabadili vali, akajipima tena, namba pale pale. Akamlaani muuza vipuri. Mimi, muuguzi wa kliniki ya presha, nilikwenda kudai mashine yangu nikajipima nayo mbele yake. Mashine ilikuwa nzima, mbovu alikuwa fundi. Tulicheka sana. Majibu ya damu yalipotoka hatukucheka tena: presha ilikuwa imeshazichosha figo zake, na zisingerudi kama zamani. Kilichobaki ni kuzilinda zisizidi kuharibika.

Tangu hapo amekuwa mgonjwa mtiifu, japo mnunaji. Chumvi aliipunguza huku akilalamika. Vidonge vya maumivu ya goti, alivyokuwa akivitafuna kama karanga, aliviacha daktari alipomweleza kwamba vinaziumiza figo. Dawa za presha hakosi, hata siku anayojisikia mzima. Jioni mkewe ndiye aliyemfunga kitambaa mkononi, akabonyeza mpira na kusikiliza mapigo, huku akimkanya asiongee.

Mkewe alipofariki, mtoto wao wa pekee akiwa mbali, fundi akaanza kuja kliniki asubuhi kabla ya kazi. Mwenye mashine chungu nzima anakaa benchi kusubiri zamu. Hatukumuuliza. Tulijua kwamba sisi ndio watu wa kwanza kuongea nao tangu alipotoka kazini jana yake, na inatuuma kwamba benchi hilo sasa analiacha.

Kamati ya zawadi ilimnunulia mashine ya betri: kitufe kimoja, inajaza upepo na kusoma yenyewe. Inamfaa mtu anayeishi peke yake, tulisema. Alijipima, akaisifu, kisha akaomba apewe na moja ya zile za zamani, za mpira. Mtunza stoo akamkumbusha kwamba ile ni kazi kujipima nayo peke yako, lazima awepo mtu wa kubonyeza na kusikiliza. Fundi akasema analijua hilo, ndiyo maana anaitaka.

Asante, Fundi, kwa mikono yako yote miwili. Tunakuombea siku nyingi na figo zenye subira. Mashine zote mbili zimo kwenye mfuko wako. Ya betri itumie siku za kawaida. Jumamosi usiiguse: kaa utulie, kunja mkono wa shati, acha mlango wazi. Tunakuja kukupima.