Mkono wa Mustafe Rage Nunow Nje ya Shuka

Kwetu maiti husomewa Kurani, hasomewi karatasi. Lakini dada yake marehemu, Faduma Rage, ameshikilia kwamba safari hii maneno yaandikwe, yapigwe chapa na yasomwe kwa sauti mbele ya kila aliyefika kwenye hitima hii, kwa kuwa mengi katika maisha ya kaka yake yalipita kimya kimya. Familia imekubali, ingawa si wote waliokubali kwa moyo mweupe.

Mustafe Rage Nunow alizaliwa Bura, Fafi, mwishoni mwa mwaka 1961, mafuriko yalipozingira boma na mama yake akajifungulia kwenye kilima kidogo katikati ya mbuzi waliookolewa. Kitambulisho chake kilisema tarehe mosi Januari, kama vitambulisho vya nusu ya wazee mlioketi hapa, naye hakuhangaika kukirekebisha. Alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba yao, na Faduma alikuwa kitinda mimba.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Bura hadi darasa la tano, mwaka 1974, ukame ulipomtoa darasani na kumrudisha kwa ng'ombe. Hakunung'unika, ila aliapa kwamba dada yake hatatolewa. Alimfundisha hesabu kwa njia aliyoiona kwa wafanyabiashara: anamshika vidole chini ya shuka, mtoto anataja jumla. Faduma alifika chuo kikuu akarudi mhasibu, na tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013 amefanya kazi idara ya mapato. Karo yote ilitoka mfukoni mwa kaka yake. Hilo likumbukwe, maana mbele mambo yanachafuka.

Mwaka 1983 alianza udalali katika soko la mifugo la Garissa. Wageni wasiojua kazi hiyo waelezwe: muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka la dalali, kila kidole kina hesabu yake, na mkono mzima ni tano, iwe hamsini au elfu hamsini kulingana na mnyama. Bei iliyokubaliwa humo haivunjwi, wala haitajwi nje. Shuka la Mustafe lenye mistari ya buluu lilijulikana soko zima. Ukimuuliza ng'ombe fulani kaenda kwa bei gani, alikuuliza watoto hawajambo.

Alimwoa Ubah Kalla mwezi wa Machi 1988. Ngamia waliokwenda kwa baba mkwe walipatanwa vivyo hivyo chini ya shuka, na Ubah hajui hadi leo walikuwa wangapi. Alimuuliza miaka yote ya ndoa yao. Mumewe akiwa na hasira alijibu kwamba walikuwa wengi. Akiwa na furaha, wengi mno.

Mwaka 2017 wafugaji walimchagua mwakilishi wadi kwa ahadi moja, kupunguza ushuru wa soko. Ng'ombe mmoja alilipiwa shilingi mia, fedha iliyonunua pia dizeli ya mitambo ya visima. Yeye alileta mswada wa kuishusha hadi ishirini. Faduma alitumwa na idara yake kuupinga mswada huo mbele ya kamati ya bunge la kaunti, na watu walijaa kutazama ndugu wa tumbo moja wakivutana. Alimuuliza kaka yake, "Walaal, dizeli ya kisima itatoka wapi?"

"Serikali ipunguze magari yake kwanza, abaayo," alijibu. "Hizo semina za hoteli pia. Ng'ombe ya maskini si benki yao."

Alipigiwa makofi, na haki yake, kwa sababu magari yalikuwa mengi kweli. Mswada ukapita. Magari hayakupungua hata moja. Kilichopunguzwa ni dizeli ya visima, ikiwemo ya Bura, na kiangazi cha 2022 kilipouma mtambo ulikuwa umenyamaza. Ng'ombe waliosamehewa ushuru walikufa wamelala kando ya birika kavu. Mustafe aliwaona kwa macho yake, wengine wakiwa na alama ya ukoo wake. Agosti mwaka huo alishindwa uchaguzi, akarudi sokoni na shuka lake, na usingizi ukamkimbia. Ubah anasema alikuwa akizunguka ua akibishana na watu wasiokuwepo.

Hatimaye alimwendea Faduma. Walikubaliana ushuru uwe shilingi hamsini na fedha hiyo iende kwenye dizeli tu. Faduma aandike pendekezo, Mustafe alete ridhaa ya wafanyabiashara. Hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo dalali pekee angeweza kulifanya. Aliichukua ridhaa ile chini ya shuka, mtu mmoja mmoja. Kila aliyeshikwa mkono alikubali. Siku ya kukusanya maoni ya wananchi, Novemba 2024, ukumbi ulijaa na hakuna aliyesimama. Jambo la chini ya shuka halisemwi, basi kila mtu alitazama kandambili zake, na Mustafe mwenyewe hakuweza kumtaja hata mmoja. Kamati ikaandika kwamba soko limepinga.

Faduma alimkuta nje. "Ushuru si ngamia, walaal," alimwambia, kisha hakumsemesha tena kwa zaidi ya mwaka. Walikutana kwenye misiba na harusi, wakapitana. Iliwauma wote wawili, na iliwauma walioshuhudia.

Sukari, aliyoishi nayo kwa muda mrefu, ilishambulia figo zake mwishoni mwa 2025. Alilazwa hospitali ya mjini, akaomba arudishwe nyumbani. Jumatano tarehe 4 Februari 2026, baada ya soko, aliwaita wafanyabiashara, na Faduma pia. Alikuwa amejifunika shuka lile lile. Wa kwanza kuingia alipenyeza mkono chini yake kumsalimu, kama walivyozoea. Mustafe alilivuta shuka akalitupa chini. Kisha akainua mkono, vidole vyote vitano wazi, kila mtu akauona.

"Hamsini," alisema. "Nimesema mimi, Mustafe, mbele ya dada yangu. Wewe Faduma, sema yako."

Faduma alisema kwa sauti kwamba kila shilingi itakwenda kwenye dizeli, na kila Jumatano itatangazwa langoni mwa soko, ikikosekana aulizwe yeye.

"Nani mwingine?" aliuliza Mustafe.

Mmoja akasema apone kwanza. Mwingine akasema leo si siku yake. Mkono ulibaki juu hadi Ubah alipoushika na kuushusha, naye Faduma akaketi pembeni mwa kitanda akaukamata, na hakuuachia hadi wageni walipoondoka.

Alifariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 12 Februari, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya Alasiri. Ameacha mjane, Ubah Kalla, watoto wake Abdijabar, Leyla na Daud, wajukuu, na dada yake Faduma Rage. Ameacha pia kisima cha Bura, ambacho bado hakina dizeli.

Kikao kipya cha maoni kuhusu ushuru wa hamsini ni Jumatatu hii, ukumbini. Waliopenyeza mikono yao chini ya lile shuka wameketi hapa, wamekula pilau ya hitima yake, na wanajijua. Shuka lenyewe limekunjwa, liko juu ya mkeka mbele yenu. Faduma amesema halitamfunika mtu tena. Anayetaka kumlipa Mustafe fadhila, ainue mkono Jumatatu mahali ambapo kila mtu anauona.

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mwenyezi Mungu amrehemu Mustafe Rage Nunow na ampe usingizi uliomkimbia, nasi atunyime wetu hadi maji yatoke Bura.