Ubani Nilioununua Mwenyewe

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wadogo zangu mliokaa mlangoni, nimeitwa nisimame na nimesimama. Namshukuru Mola kwa kunipa ulimi wa kuyasema haya nikiwa bado nnaye wa kumwomba msamaha. Sitamtaja mtu jina. Picha wengi wenu mliiona, na nnawaambia bila ya kuwasuta, wengine mliicheka.

Aliyeitengeneza ni mimi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Tunguu, na sifa yangu ilikuwa kuchekesha. Nikimkuta paka kalala juu ya mizani ya muuza samaki, napiga picha, natia maneno mawili chini, jioni imezunguka mji. Nikapenda kupendwa. Ukishazoea kuchekewa na watu usiowajua, siku wakinyamaza unajiona hufai kitu.

Mama yangu ni muosha. Anaosha maiti za wanawake tangu mimi sijazaliwa, hapa Kikwajuni na hata nje ya mji akiitwa. Mnaijua kazi ile. Aliyoyaona chini ya shuka hayatoki nje. Sijapata hata siku moja kumsikia akisema fulani nilimkuta vile.

Ramadhani moja alirudi kuosha mchana, kachoka, akakaa uani juu ya mbuzi akune nazi ya futari. Usingizi ukamchukua pale pale. Nazi mkononi, mdomo wazi, kanga imemteremka, nywele zote nje. Nikacheka peke yangu, nikapiga picha. Chini nikaandika: "Ramadhani ya kumi. Nguvu zilobaki za kufumba macho tu." Nikawapelekea wenzangu watano wa chuo. Watano tu, ndugu zangu. Kisha nikamvutia mama kanga yake kichwani, nikamtoa ile nazi mkononi nikaikuna mwenyewe, maana nampenda.

Kabla ya kufuturu, picha ilinirudia kutoka kwa mtu nisiyemjua. Siku ya tatu ilishageuzwa stika ya kutumiana simuni. Kisha akatokea mtu anayemjua mama, akafuta maneno yangu akatia yake: "Muosha anangoja mteja." Hiyo ndiyo iliyokwenda kila pahala. Nikawaandikia wale watano waifute, na kila mmoja akanambia yeye alimpa mtu mmoja tu.

Mama hana simu ya picha. Yeye yalimfika msibani. Aliitwa Mbweni kwenda kumuosha bibi mmoja, na alipoingia na mkoba wake, wajukuu wa marehemu wakamtambua. Mmoja akaziba mdomo kwa mtandio. Wa pili akashindwa, akacheka, bibi yake kalazwa pale. Mama aliosha akamaliza, akakafini. Alipofika nyumbani alisukuma mkoba wake chini ya kitanda, akanambia, "Mimi siendi tena." Akalia mbele yangu, na sikuwa nimewahi kumwona mama yangu akilia.

Halafu akanambia, "We mwanangu unazijua simu. Nitafutie alonipiga picha ile."

Nikamwambia naam, ntatafuta. Kila siku ananiuliza, kila siku namwambia bado. Chakula hakipiti. Chuo nikaacha kwenda. Nilikuwa natamani niumwe ugonjwa mkubwa, ili awe ananihurumia siku atakayojua. Na mjue hili ndilo linaloniuma zaidi: mama alianza kumshuku jirani yetu, maana hakuna mwengine anayeingia uani kwetu kila siku. Wamekula pamoja miaka na miaka. Akaacha kumwitikia salamu, na mimi nipo, nnaona, nimenyamaza.

Jirani hakustahamili. Alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Bibi we, kama unanishuku mimi, ita walimu wasome halbadiri. Na mimi ntakuja kukaa mbele yao. Alofanya imfike."

Najua wapo humu wasioiafiki halbadiri. Leo sikuja kwa hilo. Mama yangu anaiamini, na mimi nimelelewa naye, kwa hivyo niliamini kuwa ikisomwa laana yake itanifika, nimekwisha. Ikapangwa Alhamisi baada ya alasiri. Mama akanituma Darajani nikanunue ubani. Nilisimama pale kwenye duka, muuzaji ananiuliza nataka ubani wa nini, nikamlipa tu. Nilikwenda kujinunulia ubani wa kusomewa mwenyewe, nikarudi nao mkononi.

Walimu wakakaa mkekani. Jirani kakaa kando, macho mekundu. Mimi ndiye niliyeshika chetezo. Mwalimu mkubwa akasema, "Haya Bi, mwenye jambo lake anuie."

Mama akainua mikono. Akasema, "Alonifanya nichekwe mbele ya maiti..."

"Mama, usinuie. Ni mimi."

Mama hakuteremsha mikono upesi. Alinitazama mpaka nikaomba anipige. Halafu akamgeukia mwalimu, akamwambia, "Funga kitabu, Mwalimu. Huyu nimemzaa."

Akamwendea jirani, akamshika miguu, akamwomba radhi. Na mimi hakusema nami. Ramadhani iliisha, sikukuu ikapita, hakusema nami. Nilirikodi sauti yangu nikaipeleka kwenye kila kundi, nikasema ni mimi, na yule ni mama yangu. Nilikwenda Mbweni kwa wafiwa, nikaomba msamaha. Picha haikurudi. Haikuacha kuzunguka hata mara moja.

Kisha akafariki mama mmoja mtaani, na muosha hakupatikana. Mama kakaa kitandani kainama, hana uso wa kutoka. Jirani ndiye aliyeingia, akavuta mkoba kule chini, akanipa mimi. Akasema, "Tangulia wewe. Atakayecheka akuanze wewe." Nikatangulia, mama akanifuata. Humo ndani alinikabidhi kata ya maji, na nikaona ninayoyajua mimi na Mola.

Tuliporudi aliniuliza, na lilikuwa neno lake la kwanza tangu siku ile: "Umeona nini mle?"

"Sikuona kitu, mama."

Akanambia nikae nile.

Jirani, uko hapo, nakushukuru mbele ya wote. Mwalimu aliyefunga kitabu, Mungu amlipe. Wa Mbweni waliotusamehe, pia. Mama, kwako sijui pa kuanzia. Sijapona mimi. Juzi tu mtu kanitumia stika ile, hajui aliyemo ni mama yangu, na nimelala nayo moyoni.

Wadogo zangu, chekesheni, hakuna aliyekataza kucheka. Lakini aliyelala hawezi kujisitiri, kama maiti asivyoweza. Aliye macho ndiye wa kumfunika. Na mimi siku ile mama nilimfunika, nakumbuka vizuri nilivyomvutia kanga yake. Ila nilipiga picha kwanza.