Mzee Kiarie Ngari na Kuni Alizojipandia

Mzee Kiarie Ngari alizaliwa tarehe 9 Juni 1952 nje kidogo ya Kitale, kifungua mimba wa Mzee Ngari na Mama Kabura, waliokuwa wametoka Nyeri kutafuta kibarua mashambani.

Alisoma hapo hapo Kitale na kumaliza darasa la saba mwaka 1966. Hesabu ilimtoa jasho, lakini kwa insha hakuna aliyemfikia. Sisi watoto wake tulikumbushwa jambo hilo kila ripoti za shule zilipofika nyumbani.

Mwaka 1971 aliajiriwa kupasua mbao, na baadaye akanunua msumeno wake wa injini. Kazi hiyo ilimfikisha Chwele, ambako Dinah alikuwa akiuza vitunguu sokoni. Mzee alinunua vitunguu siku sita za soko mfululizo kabla ya kusema neno la maana, hadi Mama Kabura akamuuliza kama amefungua hoteli. Walifunga ndoa kanisani Lugulu tarehe 16 Desemba 1978, wakajenga Misikhu.

Katika kiangazi cha mwaka 2009, mama yetu Dinah alienda chemchemini akarudi na mtungi mtupu. Miti iliyokuwa juu ya chemchemi hiyo Mzee alikuwa ameiangusha mwenyewe. Aliona aibu na hakuificha. Aliufunga msumeno kwenye gunia na hakuuwasha tena. Tangu siku hiyo alisema mvua imetuhama kwa sababu tumeibomolea nyumba, na kwamba msitu usio na sheria ni shamba lisilo na ua.

Basi mswada wa misitu, uliotaka mtu aombe barua kabla ya kukata mti, ulipoletwa kwa wananchi Machi 2021, alikuwa amekaa mbele kwenye ukumbi wa Bungoma na kurasa kumi na moja za maoni. Mambo yalikuwa yakienda vizuri mpaka jirani yetu, Mzee Mukhisa, aliposimama.

“Sasa mtu akikufa, moto ya matanga tutatoa wapi? Ati maiti iko kwa nyumba, na mimi niko kwa ofisi naomba barua ya kukata mti? Si wageni watakunywa chai baridi, bana?”

Ukumbi mzima ulimuunga mkono. Mswada ulikuwa karibu kufa siku hiyo, na Mzee alirudi nyumbani bila hamu ya kula. Kesho yake alimwendea Mukhisa na daftari lake. Walibishana kutwa, wakamaliza mabirika mawili ya chai, wakaandika pamoja kifungu kimoja: boma litakalojipandia kuni zake, mbali na chemchemi, litakata za matanga bila barua, mradi miti ya asili isiguswe. Sheria ilipita mwaka uliofuata, kifungu chao kikiwemo.

Mzee hakungoja ipite. Aprili 2021 alipanda migrevilea hamsini, miti ya kuni inayokua upesi, nyuma ya nyumba. Kila mgeni alipelekwa kuiona. “Mzee,” Mama alilalamika, “mgeni hajakaa, na ushamwonyesha matanga yako.”

Alianza kuugua moyo Agosti 2025. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kupogoa miti yake. Tarehe 3 Februari 2026, baada ya kifungua kinywa, alilala usingizi wa mwisho kitandani mwake. Tunamlilia, lakini tunacheka pia, maana hakutuachia huzuni tupu.

Amemwacha mjane wake Dinah, watoto Kabura, Ngari na Absalom, wajukuu saba, na Mzee Mukhisa, ambaye ndiye aliyewasha moto wa matanga wiki hii kwa mkono wake. Tulikata migrevilea yake kumi na miwili. Chemchemi ina maji. Ndani ya daftari lake tulikuta maagizo: “Miti itakayobaki ni ya matanga ya Mukhisa. Lakini mwambieni asiharakishe.”

Pumzika kwa amani, Baba. Chai ilikuwa moto.