Kinyozi Aliyechorwa Kifo

Benchi lina miguu mitatu na tofali. Limeegemea ukuta kati ya kinyozi na fundi redio, na mwenyewe ni Mama Birika, muuza kahawa, ingawa wanaolikalia hujifanya walizaliwa juu yake. Asubuhi hiyo hawakugombania mpira wala siasa. Waligombania karata. Si karata za kuchezea, hapana. Karata za taroti, zile za picha, mtu anakupangia mezani kisha anakwambia utaolewa au utafukuzwa kazi. Brashi, binti mchora mabango ya maduka, alikuwa amezichora zote sabini na nane kwa mkono wake, akazileta ndani ya boksi la viatu. Mtabiri aliyeziagiza kwa simu alisema atapita kuziona kabla ya adhuhuri. Akizipenda, atawaambia wenzake, maana nao karata zao zimechakaa. Mama Birika ndiye aliyemlea Brashi, mpwa wake, tangu anaota meno, na ndiye aliyemfunga mkono kitambaa siku alipoporomoka kwenye ngazi akiandika DUKA LA DAWA, maandishi yakaishia DUKA LA DA. Akizipata hizi kazi za karata, Brashi hatapanda ngazi tena. Ngazi yenyewe bado ilisimama pale ukutani, na Mama Birika aliitazama kama mtu anavyomtazama mkwe aliyeletewa bila kuulizwa.

Brashi alizipanga karata juu ya benchi lote, watu wakasimama kuzipisha.

— Brashi mwanangu, — akasema Wembe, yule kinyozi, — huyu fuvu mwenye fyekeo ni nani?

— Ni Kifo, mjomba.

— Mbona ana sharubu zangu?

Wote wakainama. Kweli bwana. Fuvu tupu, macho mashimo, halafu sharubu zimesokotwa ncha kama anakwenda harusini.

— Nilihitaji sura, mjomba. Nachora watu ninaowaona kila siku.

— Ukaniona mimi ndiyo Kifo?

— Mtu anakaa kitini, unamjia na wembe, unamwambia inamisha kichwa, — akasema Mama Birika akimimina kahawa. — Ulitaka akuchore Jua?

— Mimi nimezipenda, — akasema Spika, fundi redio, ambaye hata akikunong'oneza mtaa wa pili wanaitikia. — Hasa huyu kijana mwenye kifurushi begani. Mtanashati! Shati langu kabisa. Huyu ni nani?

— Ni Mjinga, — akasema Brashi.

Kahawa ikamtoka Wembe puani. Uchungu wa sharubu ulimwisha palepale.

Mzee Kipimo, fundi seremala, hakucheka. Yeye amechorwa Mfalme, na tangu ajione alikuwa amesimama wima kama amemeza rula.

— Acheni utoto, — akasema. — Karata nzuri ni kipimo. Hizi ni pana mno. Huyo mtabiri atakuwa kama anabeba milango.

Akazikusanya zote, akazipanga rundo moja, akalipima urefu, upana na kimo, kisha akaweka nyundo yake juu zisipeperuke. Jua lilikuwa limeshalifikia benchi.

— Kipimo si kitu, — akasema Spika. — Karata nzuri ni sauti. Zikichangwa zifanye frrrr! Mteja akisikia ile frrrr, moyo unamwenda mbio kabla hajaambiwa lolote. Bila frrrr ni makaratasi tu.

— Wewe kila kitu sauti. Ni sura! — akasema Wembe. — Nani atamwamini mfalme asiyechongwa nywele?

— Unanisema mimi? — akauliza Kipimo.

— Nimesema mfalme. Kama shuka imekutosha, jifunike.

— Nyie mnasahau mgongo, — akasema Mama Birika. — Nyuma zote zifanane, mtu asijue anachookota. La sivyo ni wizi, si utabiri.

— Nyuma zote nimechora nyota ya bluu, shangazi. Hata mimi siwezi kujua ipi ni ipi.

— Basi umemaliza. Wengine hawa wapumzishe midomo.

Nani apumzishe? Ndiyo kwanza wamepata moto.

— Ningekuwa mimi, — akasema Spika, — ningeweka betri. Unaigeuza karata, inajisema yenyewe: mimi ni Gurudumu la Bahati, kaa chini! Na taa pembeni, umeme ukikatika mtu asikose bahati yake.

— Na marashi, — akasema Wembe. — Kila karata na harufu yake. Kifo kinukie vizuri kuliko wote, watu wasiogope.

— Bawaba, — akasema Mzee Kipimo.

— Bawaba za nini?

— Kila karata ifunguke kama kabati. Ndani mna bahati ya pili, kama ya kwanza haikukupendeza.

— Na ya pili ikikuchukiza?

Kipimo akafikiri.

— Kuna droo.

Walicheka mpaka benchi likateleza kwenye tofali. Hata Brashi akacheka, yeye ambaye tangu asubuhi alikuwa akiutazama mwisho wa mtaa kama anangoja matokeo ya mtihani. Mama Birika alimwona. Akamsukumia kikombe. Maneno matamu hakuwa nayo, kahawa alikuwa nayo.

Hapo akaja mama mmoja mfupi, kikapu mkononi, akaomba nafasi na kikombe. Wakajibana. Akanywa, akasikiliza habari za bawaba na droo, macho yakitoka mdomo huu kwenda mdomo ule.

— Mama, wewe ni mgeni, huna upande, — akasema Wembe. — Tuamulie. Karata nzuri ya taroti ni ipi? Ya sauti, ya kipimo, au ya sura zilizonyolewa?

Yule mama akaitazama nyundo, na rundo lililokuwa chini yake.

— Sijui, — akasema. — Nani kati yenu amezichanga?

Spika akamtazama Kipimo. Kipimo akamtazama Wembe. Wembe akaona sharubu zinamwasha. Asubuhi nzima wamezipanga, wamezipima, wamezitukana, wamezipaka marashi, kuzichanga, hakuna.

— Ngoja nizichange sasa hivi, — akasema Brashi.

Akainua nyundo. Nyundo ikaja na karata ya juu. Karata ya juu ikaja na ya pili, ya pili na ya tatu, mpaka rundo zima likawa linaning'inia hewani, sabini na nane zimeshikana kama tofali.

— Umezipaka nini? — akauliza yule mama.

— Vanishi, — akasema Brashi. — Ile ya mabango. Mvua haipenyi.

— Mimi natabiria sebuleni, mwanangu. Paa halivuji.

Hapo ndipo wakamjua. Spika, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alinong'ona kweli.

Wembe akaingia dukani akatoka na wembe mpya. Akazibandua karata moja moja kwa mkono mwepisi, kama ananyoa kichwa cha kichanga, na kila iliyobanduka mtabiri akaipokea. Kwa Mjinga alimtazama Spika, akaguna. Kwa Mfalme alimwinamia Kipimo kichwa. Kisha akafika kwenye Mnara, karata ya anguko, akaishika kwa mikono miwili. Brashi hakuchora mnara wowote. Alichora ngazi, na msichana anaporomoka na kopo la rangi, na ukutani nyuma yake DUKA LA DA.

— Hii haitaki maelezo, — akasema mtabiri taratibu. — Mtu ataielewa hata kama hajui kusoma.

Akaufungua mkono wake, akauweka bapa juu ya benchi.

— Chukua chaki, zungushia hapa. Karata zisizidi kiganja hiki, na pembe uzikate mviringo. Vanishi uyaachie mabango. Ijumaa ijayo niletee upya.

— Na sharubu? — akauliza Wembe, wembe bado mkononi.

— Zibaki. Wateja wangu wanaogopa sana Kifo. Wakimwona huyu watacheka kwanza.

Akachukua kikapu, akaenda zake. Brashi alibaki ameinamia mchoro wa kiganja kama ameonyeshwa ramani.

— Mama Birika! — akaita Spika, sauti imemrudia. — Kwa habari hii, tumiminie tena!

Birika lilikuwa tupu. Mkaa nao ulikuwa majivu. Mama Birika akajipangusa mikono, akachomoa msumeno kwenye mfuko wa zana wa Kipimo, akaiendea ngazi.

— Shangazi! Hajasema atazichukua!

— Amesema rudia. Asiyetaka hasemi rudia, anaaga. Kipimo, njoo unishikie huku.

Kipimo akaishika, rula tayari mkononi.

— Vipande vya kipimo gani?

— Cha jiko.