Bi Nukta na Kitenzi Kikaidi

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mfasiri wetu mkuu, ambaye kuanzia mlinzi hadi meneja tunamwita Bi Nukta, anastaafu tarehe 30 Juni.

Aliingia kiwandani akiwa mpiga taipu. Siku hizo maelekezo ya mashine za kufuma yalikuja kwa Kiingereza, na mafundi waliyasoma kwa kubahatisha. Akaanza kuwafasiria wakati wa mapumziko, kikombe cha chai mkononi. Mwaka wa tatu akapewa meza, kabati na cheo. Wengi wetu tumerudishiwa barua zimejaa wino mwekundu, na bado tukasema asante.

Lakini tunalojivunia zaidi ni la mwaka ule fundi wa mashine namba tisa alipoumia vidole viwili. Kamati ya uchunguzi iliamua kwamba aliwasha mashine bila kuweka kinga. Iliegemea mstari mmoja wa Kiingereza, ulioandikwa siku ya ajali, katika daftari la msimamizi wa zamu, aliyefariki kwa maradhi wiki chache baadaye: "The operator put the guard on." Kamati iliusoma kama kanuni: mwendesha mashine huweka kinga. Basi, ikasema, fundi kanuni aliijua, akaivunja. Barua ya kumfukuza ikaletwa kwa Bi Nukta aifasiri.

Hakuifasiri. Aliibeba hadi chumba cha mkutano, bila kualikwa.

"Waheshimiwa, 'put' ni kitenzi kikaidi," alisema. "Wenzake wakienda jana hubadili nguo, chenyewe leo ni 'put' na jana ni 'put'. Lakini mtu mmoja akiwa na mazoea ya kuweka, lazima kiongezwe 's'. Hapa 's' haipo. Si 'huweka'. Ni 'aliweka'."

Mwenyekiti akasema huenda marehemu aliisahau tu hiyo herufi. Bi Nukta hakubishana. Aliomba daftari, akalipitia siku mbili, kurasa themanini na sita. Kila palipokuwa na mazoea, marehemu aliandika "checks", "cleans", "closes". Hakuisahau 's' hata mara moja.

Kamati ikanywea, ikaagiza mashine ifunguliwe. Kinga ilikuwepo, skrubu zake ndizo zilizokatika. Fundi alirudi kazini, na leo ndiye anayewafundisha wapya mambo ya usalama. Mkewe alipokuja kushukuru, alimkuta Bi Nukta ananikaripia mimi ninayeandika haya kwa sababu ya koma. Alimpa mkono mama wa watu, akamkaribisha kiti, kisha akanimalizia karipio langu.

Dada yetu, kwa jicho lako kali na moyo usioogopa wakubwa, tunasema asante sana. Tunajua wajukuu wanakungoja; wahurumie kwenye imla. Tunakuombea afya, umri mrefu na asubuhi zisizo na kengele ya zamu. Kiwanda hiki kitaendelea kujivuna kwamba ulikuwa wetu.